Tiba ya mazungumzo mtandaoni: ya kuuliza kabla hujafungua moyo

Wengi wetu tulioko ughaibuni tukishaamua kutafuta mtaalamu wa kuzungumza naye kwa vidio, swali la kwanza huwa bei. Ni swali la haki, na nitalifikia. Lakini ndugu anayeniuliza mimi, huwa naanza kwa kumuuliza jambo lingine: siku ya kikao utakuwa umekaa nchi gani?

Jibu lake linaamua mengi. Katika nchi nyingi, sheria huhesabu kwamba tiba inafanyika pale alipo mteja, hata kama mtaalamu yuko ng'ambo ya bahari. Marekani ndiko jambo hili lilikokazwa zaidi, kwa sababu leseni hutolewa na jimbo. Mtaalamu mwenye leseni ya California pekee haruhusiwi kuendelea na wewe uliyehamia New York kwa sababu tu mmeshazoeana. Yapo makubaliano ya majimbo yaitwayo PSYPACT, yanayowawezesha wanasaikolojia wa majimbo yaliyojiunga kuhudumia watu wa majimbo mengine yaliyojiunga kwa mtandao, ila si majimbo yote yamo, na yanawahusu wanasaikolojia tu. Mshauri nasaha au mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba hayumo humo.

Kwa hiyo ukipanga kwenda kusalimia nyumbani mwezi mzima, mwambie mtaalamu wako mapema. Wengine bima yao ya kitaaluma haiwalindi mteja akiwa nje ya nchi, na watakuomba msimamishe vikao hadi urudi. Ni bora ulijue hilo kabla hujapanda ndege kuliko kulijua ukiwa kijijini, msibani, siku unayomhitaji.

Wa kwangu huanza kila kikao na maswali mawili yaleyale: leo uko wapi, na namba ya mtu wako wa karibu bado ni ileile? Mwanzoni unaweza kuyaona ni urasimu tu. Fikiria lakini: unalia, mtandao unakatika, simu yako inazima chaji. Yule wa upande wa pili anabaki na kioo cheusi. Kama hajui uko mtaa gani hana pa kuanzia, kwa sababu namba za dharura ni za mahali. Mtu aliye nchi nyingine akipiga namba ya dharura ya kwao hapati gari la wagonjwa la mji wako. Mtaalamu ambaye hajakuuliza anwani yako wala mtu wa kumpigia, mwulize wewe atafanya nini siku ya namna hiyo. Akibabaika, tafuta mwingine.

Hapo ndipo linapoingia swali ninaloulizwa kuliko yote: je, nitafute mtu wa nyumbani, Afrika Mashariki? Naelewa kabisa linatoka wapi. Unataka mtu ambaye huhitaji kumweleza kwa nini simu ya usiku wa manane inakushtua, au kwa nini huwezi tu kukataa kuchangia ada ya mtoto wa kaka yako. Unataka kusema jambo moja kwa Kiswahili likaeleweka bila maelezo. Wataalamu wazuri wapo. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na mtu anaweza kuulizwa usajili wake bila kuonekana mkorofi. Ila mwulize waziwazi kama anaruhusiwa kumhudumia mtu aliyeko nchi uliyopo, na jua kwamba barua yake inaweza isikubaliwe na mwajiri wako, bima yako au mahakama ya huko uliko. Mtu mwenye huzuni ya upweke, ndoa inayoyumba au uchovu wa kazi mbili anaweza kufaidika sana na mtaalamu wa nyumbani, iwapo sheria za pande zote mbili zinaruhusu. Mtu anayewaza kujidhuru, anayesikia sauti, au ambaye siku nyingine hajui kama atafika kesho, huyo nampa ushauri tofauti: apate mtu wa hapohapo alipo, anayeweza kumfikisha hospitali.

Na kama hali ni hiyo usiku huu, usitume barua pepe ya kuomba kikao. Marekani piga au tuma ujumbe 988, Uingereza piga 999 kwa hatari ya maisha, nchi za Umoja wa Ulaya 112. Tiba ya mtandaoni ya kulipia haikujengwa kwa ajili ya dharura, na mtaalamu wa kweli atakuambia hivyo mwenyewe katika mkataba wake.

Sasa vyeo, maana hapa watu wetu wanaumia. Tumelelewa kumheshimu mwenye cheti ukutani, na tukifika ughaibuni tunadhani kila jina la kazi lina serikali nyuma yake. Uingereza, mtu yeyote anaweza kujiita mshauri nasaha au mtaalamu wa tiba ya mazungumzo. Majina hayo hayalindwi na sheria. Yanayolindwa ni kama mwanasaikolojia tiba, ambaye lazima awe kwenye daftari la HCPC, chombo cha kisheria kinachosajili wataalamu wa afya. Kwa washauri wengine unaangalia kama wamo kwenye madaftari ya hiari yanayokaguliwa, kama la BACP au UKCP. Ujerumani ni kinyume: jina la Psychotherapeut linalindwa, lakini wapo pia wanaotibu kwa kibali chembamba zaidi cha Heilpraktiker, ambao mafunzo yao yanatofautiana sana. Popote ulipo, kazi ni moja. Omba jina kamili na namba ya usajili, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya daftari husika umtafute. Picha ya cheti uliyotumiwa kwa WhatsApp haitoshi. Kumkagua mtu si kumvunjia heshima. Unakwenda kumkabidhi mambo ambayo hata mama yako hayajui.

Tofautisha pia mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili. Katika nchi nyingi wa kwanza anazungumza nawe na wa pili ndiye anayeandika dawa. Na kabla ya wote wawili, muone daktari wa kawaida kama uchovu na kukosa usingizi vimekuja ghafla. Matatizo ya tezi ya shingo au upungufu wa damu yanaweza kufanana sana na sonona, na kipimo cha damu ni rahisi kuliko miezi ya mazungumzo.

Nikija kwenye faragha, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vya mwongozo vinasema tu "tafuta mahali tulivu" kana kwamba kila mtu ana chumba cha akiba. Wengi wetu tunaishi watu wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili. Ukuta ni mwembamba, na mwenzako anakijua Kiswahili vizuri kuliko wewe. Wengi wanaishia kwenye gari. Gari linafaa, mradi limeegeshwa na umezima injini. Simu isimamishe kwenye dashibodi usawa wa macho, usiishike mkononi, maana mkono utachoka na utaanza kujiangalia badala ya kuongea. Wakati wa baridi vioo vitapata ukungu baada ya dakika kumi, na hiyo kwa kweli ni faida: hakuna anayekuona. Beba blanketi na chaji.

Ukiwa ndani ya nyumba, vaa hedifoni ili sauti ya mtaalamu isitoke, halafu weka redio au feni nje ya mlango wako, upande wa korido, si ndani. Kelele ikiwa upande wa msikilizaji ndiyo inayoficha maneno. Waambie wenzako una mkutano wa kazi kama hutaki kueleza. Hakuna anayekudai maelezo ya afya yako. Usitumie kompyuta ya ofisini hata siku moja, kwa sababu mwajiri anaweza kuwa na uwezo wa kuona kinachopita humo. Na kagua ile tableti ya watoto: kama imeunganishwa na barua pepe yako, kumbusho la kikao litatokea kwenye kioo chao wakiwa katikati ya katuni. Kikao cha sauti tu, bila vidio, nacho ni kikao halali. Kuna mambo husemeka vizuri zaidi ukitembea bustanini na simu sikioni kuliko ukitazamana na mtu.

Kama anayekutisha ni yule unayeishi naye, sema hivyo katika mawasiliano ya kwanza kabisa, ukitumia simu asiyoigusa. Mtaalamu mwenye uzoefu atapanga nawe neno la siri, neno la kawaida tu, ambalo ukilitamka anajua mtu ameingia chumbani na mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Atakuuliza pia kama kuna anayesoma ujumbe wako.

Halafu kuna faragha ya taarifa. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliifikisha kampuni moja kubwa ya tiba mtandaoni kwenye makubaliano ya kulipa dola milioni 7.8, baada ya kuituhumu kwamba ilipeleka taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo ilhali iliwaahidi usiri. Watu walikuwa wamejaza fomu wakieleza kama wana huzuni au kama wamewahi kuwaza kujiua. Kwa hiyo uliza: maandishi ya vikao vyangu yanatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine anayaona? Ulaya, sheria ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu 2018 inakupa haki ya kuomba nakala ya taarifa zako. Siku hizi uliza na hili: je, unatumia programu inayosikiliza kikao na kuandika muhtasari? Baadhi wanatumia. Wanapaswa kukuomba ruhusa, na una haki ya kukataa bila kueleza sababu.

Hofu kubwa ya jamii yetu lakini haihusu kompyuta. Inahusu uhamiaji, na inahusu watu wetu wenyewe.

Kuhusu uhamiaji: mtaalamu binafsi hatumi ripoti kwa serikali kwamba umeanza vikao. Anawajibika kutunza siri, isipokuwa katika mambo machache ambayo anatakiwa akutajie siku ya kwanza: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhurika, au mahakama ikiamuru. Marekani, uchunguzi wa afya wa wahamiaji huangalia kama kuna ugonjwa unaoambatana na tabia ya kudhuru. Kuzungumza na mtaalamu kwa sababu ya huzuni au wasiwasi peke yake si kosa wala doa. Ukiwa na kesi ya ukimbizi, mwambie mtaalamu mapema kwamba unaweza kuhitaji ripoti. Si wote wanaoandika ripoti za mahakama, na anayekutibu mara nyingine hapendi kuwa pia shahidi wako. Wakili wako ajue kuna mtu unayemwona.

Kuhusu watu wetu: mji wa ugenini ni mdogo. Mshauri pekee anayesema Kiswahili anaweza kuwa mnasali naye, au dada yake yuko kwenye kikundi chenu cha kuchangiana. Maadili ya kazi hii yanamkataza kuwatibu jamaa na marafiki zake, kwa hiyo mwulize kabla hujasema jina la mtu yeyote: unawafahamu watu wa jumuiya yetu ya hapa? Tukikutana kwenye harusi tutafanyaje? Jibu zuri ni kwamba hatakusalimia kabla hujamsalimia wewe. Mkalimani naye ni hivyohivyo. Omba mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, bila kutaja jina lako la ukoo. Na usimtumie mtoto wako kukalimani, hata kama lugha ya huko anaijua kuliko wewe. Kuna mizigo ambayo mtoto hapaswi kuibeba.

Kama unafanya vikao kwa lugha ya kigeni, muulize mtaalamu kama atavumilia ukichanganya na Kiswahili. Wengi watakuambia sema kwanza kwa lugha yako, kisha mweleze. Mimi naona hilo ni jambo kubwa. Hasira na kilio mara nyingi huja kwa lugha ya utotoni, na ukiikata ili utafute sarufi, unayakata na yenyewe. Upande mwingine, wapo wanaoona afadhali lugha ya kigeni kwa mambo mazito kama kubakwa au vita, kwa sababu inawapa umbali kidogo wa kuweza kusema. Chagua kinachokuwezesha kuongea.

Bei sasa. Kabla hujalipa hata senti, angalia kama kuna cha bure mlangoni pako. England una haki ya kujiandikisha mwenyewe kwenye NHS Talking Therapies, huduma ya tiba ya mazungumzo ya mfumo wa afya wa umma, bila kupitia daktari. Wanafunzi wa vyuo karibu kila mahali wana washauri wa chuo. Mwajiri mkubwa mara nyingi hulipia vikao vichache kupitia programu ya msaada kwa wafanyakazi. Iko kwenye karatasi za ajira ambazo hatuzisomi. Foleni za bure ni ndefu, ndiyo, lakini unaweza kujiandikisha huko na kulipia binafsi huku unasubiri.

Ukiamua kulipa, uliza bei ya kikao kimoja, kikao ni dakika ngapi (wengi ni 50, si saa nzima), na kama ana nafasi za bei ya chini kwa wenye kipato kidogo. Wataalamu wengi wanazo ila hawazitangazi. Uliza utaratibu wa kufuta kikao: wengi wanadai taarifa ya saa 24 au 48, na usipoitoa unalipa kikao kizima. Kama zamu zako za kazi hubadilika ghafla, sema mapema mkubaliane. Usinunue kifurushi cha vikao vingi kabla hujakutana na mtu hata mara moja. Ukitumia bima, jua kwamba kwa kawaida bima itataka jina la ugonjwa liandikwe. Ujerumani, kampuni zinazouza bima ya kupoteza uwezo wa kufanya kazi huuliza kama umewahi kupata tiba ya kisaikolojia miaka iliyopita. Kama unafikiria kununua bima hiyo, pata ushauri kuhusu mpangilio wa mambo haya mawili. Usidanganye kwenye fomu, maana ndiyo sababu ya kunyimwa malipo baadaye.

Saa pia zinakorofisha. Mtaalamu akiwa Afrika Mashariki na wewe Ulaya, kumbuka saa za Ulaya hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, wakati za nyumbani hazibadiliki. Na mkipanga kwa Kiswahili, andikeni 20:00, msiandike "saa mbili", maana mmoja wenu atakaa mbele ya kioo peke yake.

Wengi hutoa mazungumzo mafupi ya kufahamiana, dakika 15 au 20, mara nyingi bila malipo. Usiyatumie yote kusimulia. Eleza shida yako kwa sentensi mbili, kisha uliza: umewahi kufanya kazi na watu wenye jambo kama hili? Utatumia njia gani? Tutajuaje kama inasaidia? Akitaja CBT, yaani tiba ya mawazo na tabia, ni njia aliyoianzisha daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck miaka ya 1960, inayofuatilia mawazo na matendo na huja na kazi za nyumbani. Kwa sonona na wasiwasi imefanyiwa utafiti mwingi, hata kwa vidio. Wengine wanakwenda taratibu, wanachimba historia yako na mahusiano yako. Zote ni njia za kweli. Kuhusu kupima, wengi hutumia dodoso la PHQ-9 kwa sonona, maswali tisa yenye jumla ya alama 0 hadi 27, na GAD-7 kwa wasiwasi, maswali saba, 0 hadi 21. Omba mjaze mwanzoni na tena baada ya wiki kadhaa. Namba hazisemi kila kitu, lakini zinakuonyesha kama unalipa huku umesimama palepale.

Usipoelewana naye, mwambie. Kubadilisha mtaalamu ni jambo la kawaida katika kazi hii, na mzuri atakuelekeza kwa mwenzake bila kinyongo. Usipotee kimya kimya ukidhani umemkosea adabu.

Ujumbe wa kwanza ndio unaowashinda wengi. Watu wanakaa nao kwenye rasimu wiki nzima wakitafuta maneno. Hauhitaji kuwa na historia yako. Huu unatosha, utafsiri au uutume hivihivi:

"Habari. Natafuta vikao vya mtandaoni. Naishi (nchi na mji). Kwa miezi kadhaa silali vizuri na nina huzuni. Siko kwenye hatari kwa sasa. Naweza kuongea jioni baada ya saa 19:00 au Jumamosi. Je, una nafasi, una leseni ya kumhudumia mtu wa hapa, bei yako ni kiasi gani, na tunaweza kuzungumza kwa dakika chache kwanza?"

Tuma kwa watu watatu kwa wakati mmoja, si mmoja baada ya mwingine. Wengi wana orodha zilizojaa na watakujibu kwamba hawana nafasi. Hilo halina uhusiano na wewe. Waombe wakutajie mwenzao mwenye nafasi, kisha mwandikie huyo siku hiyohiyo.